Maji, Risasi na Shaka: Suala la Ushahidi katika Masimulizi ya Vita vya Maji Maji

Ikisiri

Masimulizi yaliyozoeleka kuhusu Vita vya Maji Maji (1905–1907) husema kwamba wapiganaji waliamini dawa ya maji ingewakinga na risasi, na kwamba imani hiyo ilivunjika pale risasi zilipoua. Makala haya yanahoji mpangilio huo kwa kuchunguza ni nani waliotoa ushahidi wa imani hiyo, msamiati wa Kiswahili wa imani na ushahidi unabeba maana gani, na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein inaiweka wapi shaka. Inadaiwa kwamba shaka haikuingia kutoka nje baada ya imani kushindwa. Ilikuwamo ndani ya imani tangu mwanzo, na ilichangia kuamua nani apigane, lini na kwa namna gani.

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayesoma Kinjeketile kwa mara ya kwanza huuliza swali moja kabla ya mengine yote: watu wazima, wakulima na wawindaji walioyajua magobore na madhara yake, waliwezaje kuamini kwamba risasi itageuka maji? Swali ni zuri, na majibu anayoyapata darasani kwa kawaida ni mawili. La kwanza ni la kikoloni kwa asili yake, hata linapotolewa na mwalimu asiyeupenda ukoloni: waliamini kwa sababu hawakujua. La pili ni la kizalendo: waliamini kwa sababu walihitaji kuungana, na dawa ikawa gundi ya umoja wao. Kisiasa majibu haya yanapingana, lakini yamesimama juu ya msingi mmoja. Yote mawili yanachukulia kwamba imani ilitangulia bila ushahidi wowote, kisha ushahidi ukaja kwa umbo la risasi, na shaka ikazaliwa siku hiyo.

Msingi huo ndio unaohojiwa hapa. Suala si dogo. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yaliwataja Waafrika 26,000 waliokufa. Gwassa aliikadiria idadi hiyo kuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa iliyosababishwa kwa makusudi pale mashamba na maghala yalipochomwa moto. Mpangilio wa imani kwanza, ushahidi baadaye, shaka mwisho, unawafanya watu hao wote wasomwe kama watu waliokufa kwa kosa la kimantiki.

Matukio yenyewe yanajulikana, na yanatosha kutajwa kwa ufupi. Mnamo mwaka 1904 hivi, huko Ngarambe, mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale alipagawa na pepo Hongo. Kwa mujibu wa masimulizi aliyoyakusanya Gwassa, alizama majini, akaibuka siku iliyofuata nguo zake zikiwa kavu. Watu wakaanza kumiminika Ngarambe kupokea dawa ya maji. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa mipamba katika shamba walilolazimishwa kulilima, na kwa kitendo hicho wakatangaza vita. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa havijatimiza hata wiki mbili. Viliendelea kwa takribani miaka miwili bila yeye.

Jambo hilo la mwisho lingepaswa kumshtua kila anayeamini kwamba ushahidi huua imani. Mtu aliyetoa dawa dhidi ya silaha za Wajerumani aliuawa na Wajerumani mwanzoni kabisa mwa vita, na habari za kifo chake zikaenea. Dawa iliendelea kuenea pia.

2. Mashahidi ni akina nani?

Anayesema kwamba wapiganaji waliamini hivi au vile lazima aonyeshe amepata wapi habari hiyo. Vyanzo vya awali ni vya aina tatu, na hakuna hata kimoja kilichotoka kwa mtu aliyekuwa ameipokea dawa.

Chanzo cha kwanza ni maofisa wa serikali ya Kijerumani. Gavana Graf von Götzen alichapisha kitabu chake kuhusu vita hivi mwaka 1909. Alikuwa na sababu nzuri ya kuukuza uwezo wa waganga: kama chanzo cha vita kilikuwa njama za waganga waliowapumbaza watu, basi chanzo hakikuwa kodi, wala kazi za shuruti katika mashamba ya pamba, wala viboko. Katika maelezo ya namna hiyo, imani ya Waafrika iligeuzwa kuwa utetezi wa sera. Kadiri ilivyoonekana ya kipumbavu, ndivyo serikali ilivyoonekana haina hatia.

Chanzo cha pili ni wamisionari. Hawa walikuwa karibu zaidi na watu, na baadhi yao walilipa kwa maisha yao: Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa Mikukuyumbu, karibu na Liwale, tarehe 14 Agosti 1905. Maelezo yao yana thamani kubwa kama habari za mapigano. Kama maelezo ya imani, yana udhaifu unaoeleweka, kwa kuwa mwandishi alikuwa mshindani. Yeye pia alikuwa amekuja na maji, na alikuwa na hoja ya kitaaluma, kama inaruhusiwa kusema hivyo, ya kuonyesha kwamba maji ya mwenzake ni ya uongo.

Chanzo cha tatu kinawahusu moja kwa moja wanafasihi wa Kiswahili. Ni utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa na Lorenz mwaka 1933 na tena, pamoja na tafsiri ya Whiteley, mwaka 1957. Ni hazina, kwa sababu ni sauti ya Mwafrika aliyeviishi vita na kuvitungia katika lugha yake. Lakini ni sauti ya mji wa pwani. Mshairi ni Mwislamu msomi, na bara inayowaka moto anaitazama kutoka Lindi. Dawa ya maji kwake ni udanganyifu wa waganga. Haina tofauti kubwa, kwa upande huu, na msimamo wa Götzen, ingawa sababu zake ni nyingine kabisa: gavana anailinda serikali, mshairi anailinda tauhidi. Wahakiki waliousifu utenzi huu kama kumbukumbu ya kizalendo hawajautendea haki. Umejaa huzuni ya uharibifu, lakini haumo upande wa walioinywa dawa.

Sauti za wale walioinywa, au waliowaona wazazi wao wakiinywa, zilikuja kusikika miaka zaidi ya sitini baadaye, pale Gwassa alipokusanya masimulizi ya wazee wa Umatumbi na Ungindo, na pale wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliposambaa kusini mwa nchi mwaka 1968 katika mradi wa utafiti wa Maji Maji. Kazi hiyo haina mfano. Hata hivyo, wazee hao walizungumza wakiwa tayari wanajua mwisho wa vita, ndani ya taifa huru lililotaka kusikia habari za mashujaa wake. Marcia Wright (1995) amehoji jinsi Kinjikitile alivyowekwa katikati ya masimulizi yote, na waandishi waliokusanywa na Giblin na Monson (2010) wameonyesha kwamba katika maeneo mengi sababu za kupigana zilikuwa za kienyeji na hazikumtegemea nabii wa Ngarambe.

Kuna tatizo jingine ambalo wanahistoria wamelipita upesi, na ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Sehemu kubwa ya ushahidi wa wazee hao imetufikia kwa Kiingereza. Msomaji anakuta imeandikwa kwamba watu waliamini, naye hana njia ya kujua kama mzee alisema “tuliamini”, “tulisadiki”, “tulikubali” au “tuliambiwa”.

3. Amini, sadiki, shuhudia

Kiswahili kilirithi kutoka Kiarabu karibu msamiati wake wote wa kitaaluma wa jambo hili: imani, yakini, hakika, shaka, dhana, dalili, hoja, bayana, ushahidi. Kurithi neno, hata hivyo, si kurithi matumizi yake yote, na Kiswahili kimeyapa maneno haya mwelekeo wake.

Kitenzi amini kimetokana na mzizi uliozaa pia amana na amani, yaani kitu kilichokabidhiwa kwa mtu anayetegemewa, na hali ya kuwa salama. Kwa hiyo kumwamini mtu, kwanza, ni kujikabidhi kwake. Sadiki ina mzizi mwingine, wa ukweli, na hulenga zaidi habari kuliko mtu: husadikiwa lile linalosemwa. Katika matumizi ya leo vitenzi hivi viwili vimekaribiana sana, lakini bado mtu anaweza kusema anamwamini ndugu yake ingawa hasadiki kila anachosimulia, na hakuna Mswahili atakayeona kwamba amejipinga. Nomino imani imekwenda mbali zaidi. Mtu “asiye na imani” huweza kuwa asiye na dini, lakini mara nyingi zaidi, katika mazungumzo ya nyumbani, ni katili, asiyeona huruma. Imani katika maana hiyo ni namna ya kuishi na wengine.

Upande wa ushahidi hali inavutia vilevile. Kiarabu hutofautisha shahidi wa mahakamani na shahidi aliyekufa kwa ajili ya dini kwa urefu wa irabu. Kiswahili hakina tofauti hiyo ya irabu, na neno moja shahidi limebeba wote wawili. Ushahidi, basi, kwa asili yake ni kauli ya mtu aliyekuwapo na anayejiweka rehani kwa kauli yake. Kitu kisicho mtu, kama alama ya mguu au jeraha, kwa jadi ni dalili. Matumizi ya kuita kila kielelezo “ushahidi” yameenea pamoja na mahakama za kisasa na vyuo vikuu.

Neno shaka nalo limepata jirani asiye ndugu yake. Mashaka, kwa maana ya taabu na masaibu, linatokana na neno jingine la Kiarabu. Lakini kwa kuwa umbo lake linafanana na wingi wa shaka, wasemaji wengi wameyaunganisha, na leo “nina mashaka” huweza kumaanisha kwamba msemaji ana wasiwasi, kwamba hana uhakika, au yote mawili. Mwanaetimolojia atasema ni ajali. Huenda ni ajali, lakini wasemaji wameikubali.

Ushirikina ndilo neno lililobadilika kwa namna inayohusu zaidi hoja hii. Awali ni istilahi ya tauhidi: kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Halikuwa na hukumu yoyote juu ya ushahidi. Mshirikina alikosea katika ibada, si katika mantiki. Sasa magazeti huandika “imani za kishirikina” kila yanapotaja hirizi au dawa ya mganga, na maana inayokusudiwa ni imani isiyo na msingi wa kisayansi. Hayaandiki hivyo juu ya maombi ya kuponya wagonjwa. Kwa neno hilo moja, msamiati wa mshairi wa Lindi na msamiati wa gavana umekuwa kitu kimoja.

Tofauti hizi zikizingatiwa, swali la mwanafunzi linabadilika. Mtu aliyeyapokea maji alikuwa akifanya nini? Inawezekana alisadiki habari kwamba risasi haitapenya. Inawezekana pia alijikabidhi kwa watu waliomletea dawa, kwa kuwa aliwaamini, huku habari ya risasi akiiacha ijionyeshe yenyewe. Vyanzo vya Kijerumani vinalijua lile la kwanza tu.

4. Dawa ilikuwa na ushahidi gani?

Dai kwamba watu waliamini bila ushahidi haliwezi kutetewa. Tafiti za Sunseri na za Monson zimeonyesha kwamba maji yalikuwa dawa ya mvua, ya rutuba na ya kulinda mazao muda mrefu kabla hayajawa dawa ya vita. Madhabahu ya Bokero kwenye mto Rufiji yalikuwa na sifa iliyoenea mbali, na watu walisafiri siku nyingi kuomba mvua na kinga dhidi ya wanyama waharibifu. Mvua ilinyesha baadhi ya miaka. Kwa mkulima, hiyo ni rekodi ya utendaji, na si mbaya kuliko rekodi ya bwana shamba wa Kijerumani aliyemlazimisha kupanda pamba katika udongo usioifaa.

Kwa hiyo mwaka 1905 dawa haikuwa ngeni iliyotaka kukubaliwa papo hapo. Ilikuwa taasisi inayojulikana, ikiombwa kufanya kazi mpya. Shaka iliyofaa kuwapo ilikuwa kuhusu upya huo, na ilikuwapo. Watu walikwenda Ngarambe kujionea. Safari zenyewe ni ukusanyaji wa ushahidi kwa maana ya jadi, ya kuwa shahidi wa macho kisha kurudi kushuhudia nyumbani. Waliosambaza dawa waliitwa hongo, kwa jina la pepo mwenyewe (msomaji asichanganye jina hili na hongo ya misafara ya biashara, wala ile ya ofisini). Kukubaliwa kwao kulitegemea nani amewaleta, wanatoka kwa nani, na mtawala wa mahali anasemaje.

Na walikuwapo waliokataa. Wahehe waliokuwa wamewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, kisha wakaiona Kalenga ikianguka mwaka 1894 na Mkwawa akifa mwaka 1898, wengi wao walisimama upande wa Wajerumani. Hawakuhitaji kufundishwa mantiki. Walikuwa na kumbukumbu mpya ya silaha zilezile, na pia walikuwa na hesabu za kisiasa. Shaka yao juu ya dawa na woga wao wa kushindwa tena havitenganishiki, na pengine si sahihi kujaribu kuvitenganisha.

Dawa yenyewe ilikuja na miiko. Mpiganaji alikatazwa kulala na mwanamke na kupora mali. Wasomi wa Ulaya waliisoma miiko hii kama mlango wa kutorokea: dawa ikishindwa, mganga atasema mwiko ulivunjwa. Ni kweli kwamba ilitumika hivyo. Lakini ilifanya zaidi ya hapo. Jeshi lisilopora ni jeshi ambalo wenyeji wa njiani hawaligeuki, na jeshi ambalo kila mtu anawajibika kwa usafi wake ni jeshi lenye nidhamu. Zaidi ya yote, miiko iliipa shaka mahali pa kukaa. Mtu aliyemwona mwenzake ameanguka hakulazimika kuchagua kati ya kusadiki yote na kukana yote. Aliweza kuuliza: alivunja mwiko? Dawa hii ilitoka Ngarambe kweli, au imetengenezwa na mtu mwingine njiani? Aliyetuletea ni hongo au ni tapeli?

Evans-Pritchard (1937) aliliona jambo la namna hiyo kwa Waazande: walimshuku mganga huyu au yule bila kuushuku uganga, na shaka hiyo ndogo ndiyo iliyoulinda uganga. Mfano mchungu zaidi ni wa Waxhosa. Mwaka 1856 binti Nongqawuse alitangaza kwamba ng'ombe wachinjwe na kilimo kiachwe, ili wafu wafufuke pamoja na mifugo mipya. Peires (1989) ameeleza jinsi jamii ilivyogawanyika kati ya waliotii na waliokataa, na Kixhosa kikawapa majina: amathamba, yaani walio laini, na amagogotya, walio wagumu. Ahadi ilipokosa kutimia mara ya kwanza, wale laini hawakuacha kuamini. Walisema imeshindikana kwa sababu ya wagumu, waliobaki na ng'ombe wao. Majina hayo mawili yanafundisha jambo: hayakuhukumu nani anajua na nani hajui, yalihukumu nani anajitoa kwa wengine na nani anajizuia. Kiswahili kinachosema “hana imani” juu ya mtu mkatili kinaelewa hukumu hiyo mara moja.

Hata hivyo mfanano huo una mpaka. Ahadi ya Nongqawuse ilidai kwamba watu wajitenge na njia zao za kuishi. Ahadi ya Ngarambe haikudai watu waache mikuki na magobore yao. Walipigana kwa silaha walizokuwa nazo, na dawa juu yake.

Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, maelfu waliishambulia boma iliyolindwa kwa bunduki za rashasha. Waliuawa kwa wingi usioelezeka, na wimbi la pili lilikuja baada ya la kwanza kuanguka. Tukio hili ndilo hutajwa kama siku ambayo ushahidi uliishinda imani. Lakini katika Ungoni dawa ilipokewa Septemba, baada ya Mahenge. Na Wabena wa Mbeyela waliushambulia misheni ya Yakobi mwezi huohuo. Ni vigumu kudhani kwamba habari za Mahenge hazikuwa zimewafikia. Maelezo yanayokubaliana vizuri zaidi na mfuatano huu ni kwamba Wangoni na Wabena hawakuwa wakiuliza kama dawa inazuia risasi tu. Waliuliza kama wakati wa kupigana umefika na kama wenzao wanapigana, na maji yalikuwa jibu la swali hilo. Mpiganaji angeweza kuwa na shaka kubwa juu ya risasi na bado akayapokea maji kwa dhati.

Baada ya hapo mbinu zilibadilika. Mashambulizi ya ana kwa ana yalipungua, vita vikawa vya kuvizia msituni. Abdalla Mapanda alipigana kwa namna hiyo hadi alipouawa Januari 1907. Watu walijifunza kutokana na dalili walizoziona. Walichokibadilisha kwanza ni namna ya kupigana, si sababu ya kupigana.

5. Shaka ya nabii

Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile (1969) wakati uleule ambapo utafiti wa masimulizi ya wazee ulikuwa ukiendelea, naye alitahadharisha katika utangulizi kwamba mhusika wake si yule mtu wa kihistoria. Tahadhari hiyo mara nyingi hurukwa. Badiliko kubwa alilolifanya, hata hivyo, ndilo linalohusu mada hii: alimpa shaka nabii mwenyewe.

Katika tamthilia, watu hawana shida na dawa, wanaidai. Kitunda, kamanda, anaitumia kuwafunza watu wa makabila yaliyokuwa hayaaminiani. Kinjeketile ndiye anayegundua ufa. Katika maneno aliyoyatamka akiwa amepagawa mlikuwamo ahadi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, na akiwa na akili zake timamu anatambua maana ya ahadi hiyo: kumtoa bwana mmoja na kumwingiza mwingine. Shaka yake, basi, haianzi na risasi. Inaanza na matini. Anafanya kile afanyacho mhakiki: anayarudia maneno, anakuta hayakubaliani na nia aliyoidhani, na anauliza ni nani hasa aliyesema. Kwa sababu hiyo anataka watu wasubiri. Lakini hawezi tena kuwazuia, kwa kuwa neno limekwishatoka mikononi mwake.

Uhakiki mwingi umelijadili hilo kama tatizo la uongozi. Ni tatizo la ushahidi vilevile. Kinjeketile ndiye shahidi pekee wa yaliyotokea majini. Ushahidi wote wa wengine unarudi kwake, naye mwenyewe hakuwapo kwa maana kamili, kwa kuwa alikuwa amepagawa. Anajua alichosema kwa kuambiwa na waliomsikia. Dini nyingi zina mduara wa namna hii katika chimbuko lake, na wachache wameuonyesha kwa uwazi kama Hussein alivyouonyesha katika onyesho hilo.

Mwishoni, gerezani, anatakiwa aseme kwamba maji ni uongo. Kitunda, ambaye hakuwa na sababu ya kumpumbaza mtu yeyote, anamsihi aseme, kwa kuwa watu wanakufa. Kinjeketile anakataa. Si kwa sababu amerudi kusadiki. Hakuna chochote katika tamthilia kinachoonyesha hivyo. Anakataa kwa sababu kauli hiyo, ikitoka mdomoni mwake, haitabaki kuwa kauli juu ya maji. Itakuwa ushahidi kwamba kupigana kulikuwa kosa, na utafundishwa kwa watoto. Wapo wahakiki wanaomlaumu kwa kuupendelea uongo wenye manufaa. Lawama hiyo ina uzito, hasa ukiwakumbuka wanaokufa nje ya gereza, na Hussein hakuiondoa. Amempa Kitunda hoja zenye nguvu na hakumnyamazisha. Lakini lawama hiyo inasahau nani anayeuliza swali. Ofisa anayetaka kauli hiyo hataki kujua kama maji yanazuia risasi. Hilo analijua. Anataka shahidi. Shaka ya kweli, ikitolewa kwa ombi la mshindi, hubadilika kuwa kitu kingine, na Kinjeketile, ambaye ameishi na shaka hiyo kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote jukwaani, anaijua tofauti.

6. Maji mengine

Baada ya vita, Umatumbi na Ungindo watu wengi waliingia Uislamu. Ungoni wengi waliingia Ukristo. Husemwa kwamba dawa ilishindwa na dini kubwa zikashinda. Maelezo hayo yanaacha mengi nje. Njaa ilikuwa imeondoa watu na wazee wa matambiko, misheni zilikuwa na chakula na shule, na Uislamu ulikuwa umeshaanza kuenea bara kabla ya mwaka 1905. Tena dawa haikutoweka: katika miaka ya 1920 Ngoja bin Kimeta alizunguka sehemu za nchi hiyo hiyo akitoa dawa ya kukomesha uchawi, na watu walimfuata kwa wingi.

Songea, mapema mwaka 1906, viongozi wa Wangoni waliohukumiwa kifo walitembelewa na wamisionari. Wengi wao, akiwamo Nkosi Mputa Gama, walikubali kubatizwa. Kisha, tarehe 27 Februari, siku inayokumbukwa mjini humo kila mwaka, wakanyongwa.

Wamisionari walioihesabu dawa ya Ngarambe kuwa udanganyifu, kwa kuwa haikumlinda aliyeipokea, hawakuona ugumu wowote katika maji haya ya pili kutomlinda aliyeyapokea kwa muda hata wa siku chache. Hawakuwa wanafiki. Ubatizo haukuahidi kwamba kamba haitakaza. Ahadi yake ilikuwa upande wa pili wa kifo, mahali ambapo hakuna shahidi arudiye kutoa habari, na ambapo tafsiri ya Biblia ya Muungano, katika Waraka kwa Waebrania, huiita imani kwa neno la mahakamani, bayana. Ahadi ya Ngarambe ilikuwa upande huu, mbele ya mtutu wa bunduki, pale ambapo kila mtu angeweza kuona. Mputa alizipokea zote mbili katika muda usiozidi miezi sita. Alichokisadiki katika kila moja hakikuandikwa, na waliouliza walikuwa ndio waliomshikilia.